Bao, Isolo na Kompyuta: Maneno ya Mchezo Pande za Mwanza

Michezo ya kugawa kete katika mashimo imeenea sehemu kubwa ya Afrika, na habari zake si ngeni katika majarida ya Afrika ya Mashariki. R. S. Shackell aliandika juu ya omweso wa Buganda mwaka 1934, na J. H. Chaplin akaandika juu ya michezo ya jamii hiyo katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1956. Waandishi hao waliitazama michezo hii kama sehemu ya mila. Baadaye ikaingia katika elimu nyingine kabisa, yaani elimu ya kompyuta, ambamo huulizwa swali lisiloulizwa na wachezaji wenyewe: ikiwa wachezaji wawili hawakosei hata mara moja, ni nani atakayeshinda? Mchezo ambao jibu la swali hilo limethibitishwa husemwa kuwa umetatuliwa. Michezo kadhaa ya Kiafrika imekwisha kutatuliwa. Bao la Kiswahili halijatatuliwa. Ama isolo ya Wasukuma, ambayo ni jamaa ya bao, haijafika hata mlangoni pa swali hilo, na sababu yake haitokani na mashine bali inatokana na lugha.

Yafaa kuanza na majina. Wasukuma, wakazi wa Mwanza na nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, huuita mchezo wao isolo. Shina la neno hili ni pana kuliko Usukuma. Katika Rwanda mchezo wa mistari minne huitwa igisoro, kwa Waluba wa Kongo huitwa kisolo, na huko Zambia huitwa chisolo. Viambishi vya mwanzo hutofautiana kwa kadiri ya lugha, na sauti za l na r hubadilishana kama ilivyo desturi katika lugha za Kibantu, lakini shina ni moja. Baganda, walio ng'ambo ya ziwa, wana neno lao wenyewe, omweso, na kete zao huziita empiki. Waswahili nao hawakulichukua shina la -solo hata kidogo; waliupa mchezo jina la kipande cha mti kilichochongwa mashimo, nalo ni bao. Ni vigumu kuamini kwamba shina moja lingekutwa kutoka Zambia hadi ukingo wa ziwa kama mchezo ungekuwa umeletwa bara na wafanyabiashara wa pwani peke yao. Huenda bara ilikuwa na mchezo wake tangu zamani, na bao la Kiswahili likaja baadaye kukaa kando yake.

Njia iliyolileta bao hilo yajulikana. John Hanning Speke alipofika ukingo wa ziwa karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alitokea Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kwa njia ambayo misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kuizoea. Reli iliingia Mwanza mwaka 1928. Kwa njia hizo lugha ya Kiswahili ilifika ziwani, na pamoja nayo bao lenye kanuni za pwani. Ndiyo maana mtu wa Mwanza aweza kusema kwamba anacheza bao na asiyejua akadhani kuwa ni jina jingine la isolo, ilhali ni michezo miwili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama, mashariki ya ziwa, mwaka 1922, alijulikana sana kwa kupenda bao, na sifa hiyo ilizidi kuliinua jina la bao juu ya majina ya kienyeji. Jambo hili halina ubaya, ila limesaidia kuificha tofauti iliyopo.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa jicho. Ubao wa bao la Kiswahili una mistari minne ya mashimo manane, kete ni 64, na kila mchezaji ana mistari miwili. Omweso na igisoro nazo zina mashimo 32 na kete 64. Mtazamaji atasema kwamba mchezo ni ule ule. Lakini tazama neno moja tu, kula. Katika bao, mchezaji anayekula huchukua kete za shimo la mbele la mwenziwe, na shimo la nyuma huachwa kama lilivyo. Katika omweso na igisoro huchukuliwa kete za mashimo yote mawili, la mbele na la nyuma yake. Tena, katika bao kete zilizoliwa huanza kugawiwa kutoka kichwani, yaani kutoka shimo la mwisho la mstari wa mbele, upande wa kushoto au wa kulia. Katika omweso hugawiwa kuanzia shimo lile lile ambalo mgao ulianzia. Mashimo na kete ni vile vile, na neno la kula litafasiriwa kwa neno lile lile katika kamusi, lakini hesabu za michezo hii hazifanani hata kidogo.

Bao limejaliwa kuwa na istilahi nyingi na zenye mipaka iliyo wazi. Mchezo una sehemu mbili. Mwanzoni kila mchezaji ana kete kumi tu ubaoni, nazo ni sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 zimo mkononi. Sehemu ya kwanza ni kunamua: kila zamu kete moja hutoka mkononi na kutiwa ubaoni. Kete za mkononi zikiisha, huingia sehemu ya pili iitwayo mtaji, ambapo mchezo huendeshwa kwa kete zilizomo ubaoni tu. Asiyeweza kula hutakasa. Kete ya mwisho ya mgao ikianguka katika shimo lenye kete, mgao huendelea. Ikianguka katika shimo tupu, mchezaji amelala. Mashimo mawili ya kila ncha ya mstari wa mbele huitwa kimbi, na la mwisho kabisa ndilo kichwa. Anayeshindwa ni yule ambaye mstari wake wa mbele umekuwa mtupu, au asiyekuwa na mchezo wa kucheza.

Mwanalugha atatambua kwamba maneno haya yametoka katika maisha ya nyumbani na sokoni, wala hayakubuniwa kwa ajili ya mchezo. Mtaji ni mali ya kuanzia biashara. Kutakasa ni kusafisha. Kunamua ni kuachanisha vilivyonatana au kutoa kilichonasa, na kiishio chake cha -ua ni kile kile kilichomo katika neno kutatua. Ni bahati tu, lakini ni bahati ya kupendeza, kwamba tendo la kwanza la mchezaji wa bao na tendo la mwisho la mtaalamu wa kompyuta huelezwa na Mswahili kwa vitenzi vya umbo moja.

Historia ya mashine yenyewe katika nchi hizi ni fupi. Mwaka 1964, ambao ndio mwaka Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilipogeuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, huko Marekani katika Chuo Kikuu cha Stanford iliandikwa taarifa juu ya programu ya kucheza kalah. Kalah ni mchezo wa mistari miwili ya mashimo sita sita na ghala mbili, uliotengenezwa na Mmarekani William Champion kwa kufuata mfano wa michezo ya Kiafrika na Kiasia. Kwa hiyo jamii hii ya michezo iliingia katika kompyuta mapema sana, lakini kwa sura iliyokwisha kupunguzwa na kupewa jina la dukani. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nayo iliwekwa katika Wizara ya Fedha kwa kazi za hesabu za serikali. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo baadaye. Hata jina la chombo hicho halikutulia: ngamizi na tarakilishi yote yamependekezwa, na watu wengi wakabaki na kompyuta. Wakati wataalamu wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakijaribu mashine zao kwa michezo, mashine chache za Dar es Salaam zilikuwa na kazi nyingine, na mtu wa Mwanza hakuwa hata na moja ya kujaribia.

Huko ng'ambo kazi ilikwenda mbio. Mwaka 1988 James Allen na Victor Allis, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba katika mchezo wa kupanga vidonge vinne mfululizo anayeanza hushinda. Mwaka 1993 Ralph Gasser aliutatua mchezo wa kale wa Ulaya wa vijiwe tisa, akaona ni sare. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliitatua kalah: katika mchezo wa kawaida wenye kete nne kila shimo, anayeanza hushinda. Kisha mwaka 2002 ikaja zamu ya mchezo wa Kiafrika ulio halisi. John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam waliutatua awari, mchezo wa Afrika ya Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Waliunganisha prosesa 144, wakaziacha zifanye kazi kwa saa 51, nazo zikahesabu mipangilio 889,063,398,406. Jibu lilikuwa sare.

Njia waliyoitumia yastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini bao limebaki. Katika awari kete zilizoliwa hutolewa ubaoni, wala hazirudi tena. Basi mtaalamu huanzia mwisho. Kwanza huhesabu mipangilio yote yenye kete moja ubaoni, kisha yenye kete mbili, kisha tatu. Afikapo kete kumi, kila mla humrudisha katika mpangilio wenye kete chache zaidi, ambao jibu lake limekwisha kuandikwa. Ni kama mtu apandaye ngazi, kila kidato kikishikiliwa na kilicho chini yake, mpaka afike kete 48 ambazo ndizo za mwanzo.

Bao halina ngazi hiyo. Kete zinazoliwa hazitoki ubaoni. Hugawiwa upande wa mlaji, na kesho yake zaweza kuliwa na kurudi zilikotoka. Tangu mtaji uanze hadi mshindi apatikane, kete zote 64 zimo ubaoni wakati wote. Hakuna kidato cha chini cha kushikia. Omweso nao uko hivyo hivyo. Mipangilio yote haina budi kuhesabiwa kwa pamoja, na idadi yake ni ya kutisha: njia za kuziweka kete 64 katika mashimo 32 ni karibu 9,900,000,000,000,000,000,000,000, yaani namba yenye tarakimu 25. Ni kweli kwamba mingi ya mipangilio hiyo haitokei katika mchezo wowote, lakini hata ikipunguzwa sana, inayobaki haihesabiki. Kwa mwendo ule wa mashine za Amsterdam, ambao ulikuwa mwendo wa kasi kwa wakati wake, kazi hiyo ingechukua miaka zaidi ya bilioni 60. Mashine iliyo kasi mara elfu ingehitaji miaka zaidi ya milioni 60.

Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitangaza kwamba dama, au drafti kama iitwavyo na wengi, imetatuliwa, nayo ni sare ikiwa hakuna akoseaye. Kazi hiyo ilianza mwaka 1989. Mipangilio ya dama ni kama mara 20,000 pungufu ya ile ya bao, na hata hivyo Schaeffer na wenziwe hawakuihesabu yote; walithibitisha jibu la mwanzo wa mchezo tu, wakiruka mipangilio isiyo na haja. Mtu aweza kutumaini kwamba bao litapatiwa mkato kama huo. Lakini dama ina faida mbili ambazo bao halina. Kwanza, vipande vyake hupungua. Pili, hatua moja ya dama ni fupi, hali mgao mmoja wa bao waweza kuzunguka ubao tena na tena, na katika kanuni ya mgao hakuna neno linaloahidi kwamba lazima utakoma. Mtunga programu hulazimika kuweka kikomo chake mwenyewe, na hapo tayari amekwisha kuongeza kanuni ambayo huenda wachezaji hawakuitunga.

Kumekuwa na dhana kwamba mchezo uliotatuliwa ni mchezo wa kitoto, na kwamba usiotatuliwa ni wa kiungwana. Dhana hiyo haina msingi. Awari ina mafundi waliotumia maisha yao yote kuujifunza, na jibu la mashine halikumfundisha yeyote kati yao namna ya kuona kile ambacho mashine iliona. Wala ukubwa wa tarakimu za bao si ushahidi wa hekima ya waliolibuni. Mchezo wa kutupa kete 64 ovyo katika mashimo 32 ungekuwa na tarakimu zile zile.

Ikiwa bao halijatatuliwa, limekwisha kuchezwa na mashine, na hapo ndipo historia ya maneno inapoanza kuwa na uzito. Alexander de Voogt, Mholanzi, alikaa na mafundi wa bao wa Zanzibar akachunguza namna wanavyokumbuka na kuhesabu, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya mipaka ya akili katika ufundi wa bao. Ndani ya uchunguzi huo kanuni za mchezo ziliandikwa moja baada ya moja, kwa istilahi za mafundi wenyewe. Donkers na Uiterwijk walipoandika juu ya programu ya bao mwaka 2002, huko Maastricht, walikuwa na msingi wa kujengea. Na jambo la kuangaliwa ni hili: katika maandishi ya Kiingereza ya wataalamu hao, namua ilibaki namua, mtaji ukabaki mtaji, na nyumba, kichwa na kimbi vikabaki vilivyo. Hawakuacha kutafsiri kwa uvivu. Neno la Kiingereza la kusafisha lisingebeba maana yote ya kutakasa, ambayo humwambia mchezaji lini aruhusiwa kutokula, aanzie mstari upi, na kwamba akianza zamu bila kula hataweza kula baadaye katika zamu hiyo hiyo. Neno moja la Kiswahili lilikuwa limekwisha kufanya kazi ya aya nzima.

Sasa irudiwe isolo. Mtu atakayetaka kuitungia programu atakuta kwamba maelezo yaliyochapishwa ni machache na mafupi, na mengi yameandikwa kwa maneno ya bao au ya Kiingereza. Kosa hili ni la hatari kuliko kukosa maelezo kabisa. Mwandishi akisema kwamba mchezaji wa isolo «hutakasa», msomaji ataingiza ndani ya isolo kanuni zote za kutakasa za Zanzibar, hata kama Msukuma hazijui. Akisema «nyumba», ataleta shimo lenye haki zake maalumu ambalo huenda halipo. Mashine haina njia ya kugundua kosa hilo. Itahesabu kwa uaminifu mchezo ambao haukuchezwa na mtu yeyote, kisha jibu lake litatangazwa kuwa ni jibu la isolo. Kalah ni ushahidi wa kutosha, kwa maana kuna vitabu vya hesabu vilivyoufundisha kama mchezo wa kale wa Afrika, na hali ulitungwa Marekani.

Kwamba jambo kama hili laweza kufanywa vizuri Usukuma, mfano upo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Ndani yake mahari, urithi na mifugo vimewekwa fungu kwa fungu. Alijua kwamba sheria haishikiki mpaka ielezwe pia katika hali ambazo watu hawakubaliani. Mchezo nao una mahakama yake. Wachezaji wakibishana ubaoni na mzee akakata shauri, maneno anayoyatumia ndiyo kanuni yenyewe, na mara nyingi hayasikiki wakati mwingine wowote. Anayeuliza tu «mnachezaje?» ataonyeshwa mchezo, hataelezwa kanuni.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuiandika isolo atahitaji kukaa ubaoni siku nyingi, na aijue Kisukuma. Atauliza kete hupangwa namna gani mwanzoni, na kama mpangilio ni wa lazima au ni wa hiari ya mchezaji. Kwa maana katika omweso mchezaji hujipangia kete zake mwenyewe, na hilo peke yake hugeuza hesabu yote. Atauliza upande wa kugawa, na kama waweza kugeuzwa, na kutoka mashimo gani. Atauliza kula ni nini: shimo moja au mawili, na kete zilizoliwa zianzie wapi. Atauliza mgao usiokoma hukomeshwa vipi na kwa amri ya nani. Atauliza pia kama wanawake, vijana na wanaume wanacheza kwa kanuni moja, maana imepata kuelezwa kwamba sivyo. Kila jibu aliandike kwa neno la Kisukuma, na maana yake ielezwe kwa sentensi nzima, si kwa neno jirani la Kiswahili.

Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa nje ya mji wa Mwanza, yamehifadhi ngoma, viti na vyombo vya Wasukuma. Ubao wa isolo waweza kuhifadhiwa namna hiyo hiyo, nao utadumu. Lakini ubao ni mashimo tu. Mtu wa baadaye ataweza kuyahesabu mashimo hayo na kuzitia kete ndani yake, na mashine yake, hata iwe na nguvu namna gani, itamngoja amwambie kete ya kwanza iende wapi.